Mchezo Usiomtoa Mtoto Nje

Kila likizo ya shule inapowadia, wazazi hutujia kuuliza kama madrasa itaendelea, na baadhi yao hawafichi kwamba wanachokitafuta ni mahali pa kumweka mtoto mpaka jioni. Hatuwalaumu. Nyumba za mjini ni finyu, na simu ya mkononi imekuwa yaya asiyedai mshahara. Hata hivyo, muda mfupi baada ya Alasiri, uani au chini ya mwembe, watosha kwa michezo isiyogharimu hata shilingi, ambayo ndani yake mtoto hujifunza jambo ambalo makaripio yetu hayajamfunza, nalo ni kumsikiliza mwenzake.

Tuanze na ule wa nyama, ambao watoto wengi wa Tanzania wanaujua. Kiongozi hutaja wanyama kwa kasi, mmoja baada ya mwingine. Akitaja anayeliwa, wote huruka na kuitikia. Akitaja asiyeliwa, hunyamaza na kutulia. Katika nyumba ya Kiislamu mchezo huu huzaa na maswali: sungura je? Kobe je? (Mwalimu ajiandae, maana ubishi wa kobe hauishi upesi.)

Tusilokubaliana nalo ni ile kanuni ya kwamba anayekosea hutolewa. Anayetolewa mwanzo ni yule yule mwenye haja kubwa ya kujizoeza kusikiliza. Huketi barazani akichora mchangani, huku wale walio hodari wakizidi kuwa hodari. Twapendekeza anayekosea awe ndiye kiongozi wa duru inayofuata. Ili awanase wenzake itambidi apange majina, abadili kasi, awatazame nyusoni, na asikilize nani kaitikia na nani kasita.

Kombolela imeliona hilo zamani. Mtafutaji hulinda kopo lake, na waliokamatwa husimama kando. Lakini mmoja tu aliyebaki mafichoni akiwahi kulipiga teke kopo hilo, wote huwa huru. Mtoto mdogo asiyesifika kwa mbio aweza kuwa ndiye tegemeo la kundi zima, na waliokamatwa nao wana sababu ya kufuatilia mchezo mpaka mwisho. Sharti letu ni moja, uchezwe mbali na barabara na visima, na umalizike kabla ya giza.

Mchezo wa tatu ni wa kunong'onezana. Watoto wanane au kumi huketi duara. Wa kwanza humnong'oneza jirani yake sentensi fupi, naye humpa anayefuata, hadi wa mwisho aitamke kwa sauti. Mara nyingi hutokea maneno ambayo hakuna aliyeyasema, na bibi akiwekwa katikati ya duara, kicheko huongezeka.

Ni katika mchezo huu ndipo twamwomba mzazi atazame kwa makini. Maneno yakikatikia kwa mtoto yule yule, hata akibadilishiwa nafasi, au akigeuza sikio moja kila mara, tusiharakishe kumwita mtundu. Usaha wa sikio usiotibiwa hupunguza usikivu, na nta iliyoziba pia. Yupo mtoto aitwaye mara tatu asiitike, akachapwa kwa ukaidi, ilhali sauti haikumfikia. Darasani huyo hukaa nyuma, akaandikwa mzembe.

Mchezo si kipimo cha daktari, lakini ni sababu tosha ya kumpeleka mtoto kituo cha afya akaangaliwe masikio. Tusimchokonoe kwa njiti, wala tusimtie mafuta ya moto kwa ushauri wa jirani. Na wakati majibu yakisubiriwa, akae karibu na mwalimu, aguswe bega kabla ya kuzungumzishwa, na katika duara zamu yake isirukwe; anayemnong'oneza apandishe sauti kidogo, hata kama wengine watasikia.