WAPAGAZI WETU WALIZIKWA WAPI?

Ndugu wananchi wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, leo twataka kusema nanyi juu ya njia za miguu. Msicheke. Twajua kwamba pamba, maji na malisho ndiyo maneno ya kila mkutano, nayo tutayarudia. Lakini katika mkutano mmoja wa hivi karibuni mzee mmoja alisimama, akaegemea fimbo yake, akauliza swali ambalo sisi vijana wa chama, tuliopita chuo cha ualimu na tunaojidai kujua historia, hatukuweza kulijibu.

Alisema hivi: “Mgeni kutoka ng'ambo hulipa fedha, akatembezwa porini kwa miguu, akaonyeshwa mahali ambapo wazee wake walipigana vita. Babu yangu alikwenda katika vita hivyo na mzigo kichwani, hakurudi. Mimi nikiingia porini kumtafuta nitaitwa jangili. Niambieni, wanangu, kosa langu ni lipi?”

Mzee huyo amepita miaka 80. Jina alilopewa ni la babu yake huyohuyo, kama ilivyo desturi ya kwetu, basi kila aitwapo huwa anaitwa na yule asiyerudi. Watu walinyamaza. Mwenyekiti akatutazama sisi, nasi tukatazama chini.

Leo twajibu.

Vita vya 1914 hadi 1918 havikuwa vya kwetu. Wajerumani na Waingereza waligombana kwao Ulaya, wakaja kumalizia ugomvi katika mashamba yetu. Mwezi wa Julai 1916 Waingereza waliingia Mwanza; Septemba mwaka huohuo Wabelgiji waliingia Tabora. Tangu zama za misafara ya pembe, Wasukuma na Wanyamwezi walijulikana kote kuwa watu wa kubeba na wa kustahimili mwendo. Sifa hiyo ikageuka kuwa kamba shingoni. Amri zilishuka kwa watemi: toeni watu. Wako waliokwenda kwa ajili ya mshahara; wengi walikamatwa tu.

Kwa nini watu, wala si magari wala wanyama? Kwa sababu barabara za magari zilikuwa chache na matope mengi, na ndorobo waliwaua farasi na punda kwa maelfu. Ikabaki shingo ya Mwafrika. Hebu tufanye hesabu, kwa kuwa sisi ni walimu. Mpagazi abebe unga ratli 60. Ale ratli 2 kwa siku, basi katika siku 30 ameumaliza mzigo wote yeye peke yake. Akitembea siku 15 kwenda na siku 15 kurudi, askari aliye mbele ya vita hapati hata kiganja. Wakubwa wa jeshi waliijua hesabu hii vizuri kuliko sisi. Ili bunduki zisinyamaze, ilibidi mmoja apunguziwe chakula, na hatuna haja ya kuwaambia alikuwa nani. Alipewa unga mbovu asiouzoea, asio na nafasi ya kuupika ukaiva, akalala mvuani bila blanketi. Kuhara damu, homa ya mapafu na malaria vikafanya kazi ambayo risasi haikuifanya.

Vita vilipohamia kusini, mizigo ilihamia nako, na wapagazi wa pande zote za nchi wakasukumwa mpaka bonde la Rufiji. Huko ndiko mvua kubwa za mwaka 1917 zilikowakuta, mito ikafurika, na njaa ikaingia kambini.

Na huko Rufiji, ndugu, ndiko liliko kaburi moja linalojulikana dunia nzima. Tarehe 4 Januari 1917, mahali paitwapo Beho Beho, alipigwa risasi Kapteni Frederick Selous wa Royal Fusiliers, Mwingereza mwindaji wa tembo mwenye umri wa miaka 65. Akazikwa hapohapo. Mwaka 1922 Waingereza waliliita pori lote kwa jina lake. Mwaka 2019 Serikali yetu ilitenga sehemu kubwa ya pori hilo ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, nasi tulishangilia. Jina la Selous limebaki kwenye pori la akiba lililosalia, na kaburi lake limebaki Beho Beho, na wageni wapendao kutembea kwa miguu hupelekwa kuliona, pamoja na mahandaki ya vita.

Hatuna chuki na kaburi hilo. Mtu aliyekufa amekufa, na maiti hatukanwi. Lakini twauliza: yule aliyembebea Kapteni Selous hema lake, sanduku lake na risasi zake, yuko wapi? Njia ile ambayo mgeni anaikanyaga leo kwa viatu vizuri, ni nani aliyeikanyaga peku na ratli 60 kichwani? Hesabu za Serikali ya Kiingereza zenyewe ziliandika wapagazi waliokufa zaidi ya 40,000. Wanahistoria waliochunguza baadaye wamekadiria kuwa walikaribia 100,000 kwa upande wa Waingereza peke yake. Upande wa Wajerumani, Jenerali Lettow-Vorbeck, ambaye vitabu vimemsifu miaka mingi kwa ushujaa wa porini, alikula vijiji akavimaliza na kuwachukua watu bila hata kuandika majina yao.

Dar es Salaam ipo Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Maandishi ya chini yanawataja wapagazi. Lakini sanamu yenyewe ni askari mwenye bunduki, mpagazi hayumo. Jina la mpagazi limebaki sokoni, Kariakoo, na wauzaji wa vitunguu wa pale wengi hawajui kwamba neno hilo ni jeshi la wabeba mizigo lililopiga kambi mahali hapo.

Hata malipo ya mwisho yalimkwepa. Yasimuliwa vitabuni kwamba mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa askari wazee wa Lettow-Vorbeck, na ofisi ya malipo ikafunguliwa Mwanza, hapa jirani. Wazee wasiokuwa na cheti walipewa ufagio waushike kama bunduki na kuamrishwa kwa Kijerumani, ili ijulikane kama kweli walikuwa askari. Haya, na mpagazi angepewa nini akionyeshe? Gunia?

Mwezi wa Aprili 2021, miaka zaidi ya 100 baada ya vita, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume ikaomba radhi. Tumeisikia radhi hiyo. Imesemwa London. Bariadi haijafika.

Sasa turudi porini kwetu. Pori la Akiba Maswa, lililotangazwa mwaka 1962, linapakana na Serengeti, na vijiji vyetu vinapakana nalo. Upande wa kaskazini, ng'ambo ya mbuga, yako magofu ya ngome ya Wajerumani ya Ikoma. Juni 1917 kikosi cha Naumann kilichokuwa kikizunguka nchi kiliingia ngome hiyo, na Wabelgiji walipokishambulia walipata hasara kubwa. Kikosi kama hicho hakitembei bila wabebaji, na wabebaji hao hawakutoka Berlin. Walizolewa vijijini njiani. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba vita ni habari ya Rufiji tu.

Madai yetu ni haya. Zikatwe njia za miguu katika Pori la Maswa, zianzie vijijini kwetu, na mgeni aingie kwa kupitia kijiji, si kwa kukiruka. Waongozaji wawe vijana wa Bariadi, Itilima na Meatu, wafundishwe wanyama na wafundishwe historia ya wapagazi pia. Watoto wa shule watembezwe bila kulipa. Na huko Rufiji, kando ya kaburi la Beho Beho, liwekwe jiwe la wapagazi, na mwongozaji asimalize hadithi kabla ya kulifikia.

Wako watakaotubeza. Wa kwanza ni wale wasemao kuwa wananchi wakiruhusiwa porini watawamaliza wanyama. Bwana, nani ameomba jembe au mtego? Tunajua sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuingia pori la akiba bila kibali, na sisi hatumwambii mtu avunje sheria. Twaomba kibali, na askari wa wanyamapori mwenye bunduki atembee mbele yetu kama atembeavyo mbele ya mgeni. Ikiwa njia ni salama kwa mtalii, haiwezi kuwa hatari kwa mjukuu wa mpagazi.

Wa pili ni wenzetu wa humuhumu, wasemao kuwa historia haishibishi. Hao twawaheshimu zaidi, maana wana njaa ya kweli. Lakini watazame: mgeni wa kutembea hulala, hula, huajiri. Leo analala na kula wapi? Fedha yake inapita juu ya vichwa vyetu kwa ndege ndogo. Na ile habari ya mababu zetu ingekuwa haina faida, pasingekuwa na watu wanaosafiri kutoka Ulaya kwenda kulitazama jiwe la Kapteni mmoja.

Wala chama tusijitakase. Uhuru tumeupata mwaka 1961. Ni tawi gani limekwenda kwa wazee likaandika jina hata moja la mpagazi? Twajua hakuna, maana sisi wenyewe ndio tulioulizwa mkutanoni tukatazama chini. Wazee waliosikia habari hizi kwa vinywa vya waliorudi wamebaki wachache, na kila msimu wa mvua tunazika wengine.

Kwa hiyo tumenunua daftari. Ni daftari la kawaida la shule, liko katika ofisi yetu ya Bariadi, na ukurasa wa kwanza una jina la babu wa yule mzee, kijiji alichotoka, na neno moja alilosema mkewe alipokuwa akichukuliwa. Makatibu wa matawi wote watapewa madaftari yao. Njooni na jina, ukoo, kijiji, na lolote mlilosikia: alichukuliwa na nani, alipita njia gani, nani alimwona mara ya mwisho. Asiyejua kuandika ataandikiwa. Ofisi hufunguliwa asubuhi, na siku za mnada tutakaa mpaka jioni.