Mfuasi wa Marx Aliyemwandika Sheikh Al-Qassam

Mwezi wa Rajabu uliopita mzee mmoja wa kamati ya madrasa yetu alipitia rafu ya vitabu vya Kiarabu, akatoa viwili na kuviweka mezani mbele yetu. Vyote viwili ni vya Ghassan Kanafani, Mpalestina. "Maalim," alituambia kwa upole, "huyu bwana ni mkomunisti. Hivi watoto wetu tunawasomesha Kiarabu ili waje kusoma haya?" Tulimwomba mzee wetu atupe muda, kwani swali lake ni la haki na halistahiki kujibiwa mlangoni. Haya tunayoyaandika ndiyo jibu letu, na tumeona tulitoe hadharani kwa kuwa twajua si yeye peke yake anayeuliza.

Kwanza tukiri kwamba khofu ya wazee wetu ina asili yake. Kwao neno ujamaa si nadharia ya vitabuni. Wanakumbuka kuwa Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967, na mwishoni mwa mwaka uliofuata jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, EAMWS, ikapigwa marufuku Tanzania. Lakini wazee hao hao wanakumbuka pia kwamba ni serikali ile ile iliyovunja uhusiano wa kibalozi na Israel mwaka 1973 na kuwapokea wawakilishi wa PLO mjini Dar es Salaam. Kwa hiyo hata hapa kwetu hesabu ya nani alisimama wapi haikuwa nyepesi.

Na vijana wetu wana swali lao. Tangu Oktoba 2023 wamekuwa wakiitazama Gaza katika simu zao usiku na mchana, kisha wanakuja darasani na kutuuliza: imekuwaje hata yakafika hapa? Tunapowajibu kwa mazoea yetu ya mimbari, tunaanza na tamko la Balfour la 1917, tunaruka hadi Nakba ya 1948, tunaruka tena hadi kutekwa kwa Al-Quds mwaka 1967, kisha tunaomba dua. Hayo yote ni kweli. Ila katika simulizi hiyo mkulima wa Kipalestina hayumo. Hatumwoni akilima, hatumwoni akikopa, wala hatumwoni akifukuzwa shambani. Anatokea ghafla akiwa tayari ni mkimbizi.

Kanafani alimwona. Alizaliwa Akka mwezi wa Aprili 1936, mwezi ule ule ulioanza mgomo mkuu wa Wapalestina dhidi ya Waingereza. Akiwa na umri wa miaka 12 alitolewa nchini kwake pamoja na familia yake. Alifundisha watoto wa wakimbizi mjini Damascus, akafundisha Kuwait, kisha akahamia Beirut na kuwa mwandishi wa magazeti na wa hadithi. Mwaka 1963 alitoa riwaya fupi, Rijal fi al-Shams, juu ya wanaume watatu wa Kipalestina wanaojificha ndani ya tangi la lori ili wavushwe kwenda Kuwait kutafuta riziki, wakafia humo kwa joto wakati dereva amecheleweshwa na mizaha ya makarani wa mpakani. Mwaka 1969 alianzisha jarida la Al-Hadaf, sauti ya chama cha PFLP kilichofuata mafundisho ya Marx. Tarehe 8 Julai 1972 bomu lililotegwa ndani ya gari lake lilimuua mjini Beirut, pamoja na binti wa dada yake, Lamis, aliyekuwa na miaka 17.

Kitabu cha pili alichokitoa mzee wetu rafuni ni utafiti wake juu ya mapinduzi ya 1936 hadi 1939. Humo anauliza maswali ambayo sisi hatuulizi. Ardhi ilitokaje mikononi mwa waliokuwa wakiilima? Anajibu kwa kutaja mikataba na wenye kuitia saini. Katika miaka ya 1920 familia ya Sursock, matajiri wa Beirut, iliuza maeneo makubwa ya bonde la Marj ibn Amir kwa taasisi za Kizayuni, na wakulima waliokuwa wakiyalima kizazi baada ya kizazi wakaondoshwa. Mwenye hati alikuwa Mwarabu, na aliyefukuzwa alikuwa Mwarabu. Waliofukuzwa walikwenda Haifa na kuishi katika vibanda vya mabati, wakitafuta kazi bandarini na kwenye reli. Wakati huo shirika la wafanyakazi la Kizayuni, Histadrut, lilikuwa likishikilia kwamba kazi katika miradi ya Kiyahudi wapewe Wayahudi peke yao. Mwaka 1935 pekee waliingia nchini wahamiaji wa Kiyahudi zaidi ya 60,000, wengi wao wakikimbia dhulma ya Ulaya. Aliyelipishwa dhulma hiyo ni mkulima ambaye Ulaya hajapata kuiona.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani kuwa haya ni ya mbali. Mwaka 1903 waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, aliwapa viongozi wa Kizayuni pendekezo la kuwagawia ardhi katika nyanda za Uasin Gishu, ambayo leo ni Kenya. Walituma watu wakaitazama, na mwaka 1905 mkutano wao ukaikataa. Wenyeji wa nyanda zile hawakuulizwa wakati wa kutolewa, wala hawakuulizwa wakati wa kukataliwa. Miaka 12 baadaye serikali hiyo hiyo ikaahidi ardhi nyingine isiyo yake. Anayeisoma Palestina kama habari ya ukoloni, jinsi walivyoisoma watu wa mrengo wa kushoto, hajaitoa katika dini. Ameonyesha tu mkono ulioandika hati.

Katika utafiti huo Kanafani anawataja maadui watatu wa harakati ile: uongozi wa ndani uliokuwa wa kikabaila, tawala za Kiarabu zilizoizunguka Palestina, na muungano wa Uingereza na Uzayuni. Hapa ndipo penye uchungu. Mgomo wa 1936 ulidumu takriban miezi sita, na ulibebwa na wachukuzi, mafundi na wanavijiji. Mwezi wa Oktoba ukasitishwa baada ya wafalme wa Kiarabu kuwasihi Wapalestina watulie na kutegemea nia njema ya Uingereza. Msimu wa machungwa ulikuwa ukikaribia, na wenye mashamba walikuwa na shehena za kusafirisha. Tusomapo hayo tunaelewa kwa nini kitabu hiki hakikupendwa katika majumba ya kifalme, na tunajiuliza kama hisia zetu sisi dhidi yake zimetoka katika elimu, au zimekuja na makasha ya vitabu vya bure.

Mapinduzi yalirudi mwaka 1937, na safari hii yalikuwa ya vijiji. Mwezi wa Agosti 1938 makamanda wa wapiganaji waliwaamuru wanaume wa mijini wavue tarbushi na kuvaa kufiya. Tarbushi ilikuwa alama ya bwana mkubwa na karani, na kufiya ilikuwa kilemba cha mkulima. Mpiganaji aliyeingia mjini alijulikana kwa kichwa chake, basi mji mzima ukavikwa kichwa hicho ili askari wa Kiingereza asiweze kumtenga. Vijana wetu huvaa kufiya siku za maandamano bila ya kuijua habari hii, nasi walimu wao hatukuwaambia. Uingereza ilileta askari zaidi ya 20,000, ikabomoa nyumba, ikanyonga watu, na harakati ikavunjika mwaka 1939. Inakadiriwa kuwa Waarabu wapatao 5,000 waliuawa. Ilipofika 1948 waliobaki kupigana hawakuwa na viongozi wala silaha.

Sasa tuje kwa Sheikh Izz ad-Din al-Qassam, ambaye sisi wa harakati ya islahi tunajinasibu naye. Alizaliwa Jableh, Syria, akasoma Al-Azhar, akapigana na Wafaransa, kisha akakimbilia Haifa akawa imamu na khatibu wa Msikiti wa Istiqlal. Wengi wetu tunampenda kwa sababu alipinga bidaa: mwaka 1925 yeye na Sheikh Kamil al-Qassab walitoa risala dhidi ya kunyanyua sauti kwa tahlili nyuma ya jeneza, na wanazuoni wa mji walimshambulia kwa hilo. Risala hiyo tunaijua. Lakini je, tunajua nani walikuwa wakisali nyuma yake? Walikuwa wachukuzi wa bandari, wafanyakazi wa reli, na wakulima waliopokonywa mashamba. Aliwafungulia darasa la usiku la kusoma na kuandika. Alipokuwa afisa wa ndoa wa mahakama ya sharia alizunguka vijijini, akawajua watu kwa majina yao. Aliuawa karibu na Ya'bad mwezi wa Novemba 1935, na jeneza lake likafuatwa na maelfu ya watu.

Mfuasi wa Marx ndiye aliyetukumbusha wasifu huo. Kanafani anamwandika al-Qassam kwa heshima ambayo hawapi mabwana wakubwa wa siasa za siku zile, hata akaukaribisha mwenendo wake na ule wa Guevara. Hapo tunatabasamu kidogo. Mtu alilazimika kwenda hadi Amerika ya Kusini kutafuta neno la kumweleza sheikh ambaye neno lake lilikuwa limeandikwa ndani ya mswahafu aliokufa nao kifuani. Kanafani aliona nani walimfuata sheikh, lakini hakuona vizuri kwa nini walimfuata. Wala hatumlaumu sana, kwani sisi tumeona sababu ya kumfuata na tukawasahau waliomfuata.

Hatutaki msomaji adhani kwamba tunawatakasa watu hawa. Tarehe 29 Novemba 1947 Umoja wa Kisovieti ulipiga kura ya kuigawa Palestina, na silaha za Czechoslovakia zikalifikia jeshi la Israel mwaka 1948. Wakomunisti wengi wa Kiarabu walimfuata mkubwa wao wa Moscow na kuihalalisha kura ile. Hilo ni doa, na halikufutika. Histadrut nayo ilijiita ya wafanyakazi, na viongozi wake walijiita wajamaa, huku ikimfungia mlango mfanyakazi wa Kiarabu. Basi jina peke yake si dhamana. Na Mei 1972 chama cha Kanafani kilishirikiana na Wajapani waliowamiminia risasi abiria katika uwanja wa ndege wa Lod, wakaua watu 26, wengi wao mahujaji Wakristo kutoka Puerto Rico. Sharia tunayoisomesha haina njia ya kulihalalisha hilo, na dhulma ya adui haiifungui njia hiyo.

Lakini uadilifu tulioamrishwa katika Surat Al-Maida, aya ya 8, ni kwa yule tunayemchukia, sembuse yule tunayekhitalifiana naye. Baada ya 1948 Wapalestina wapatao 150,000 walibaki ndani ya Israel chini ya utawala wa kijeshi hadi mwaka 1966. Waliotunza Kiarabu chao kilichoandikwa, kwa sehemu kubwa, ni gazeti la chama cha kikomunisti, Al-Ittihad la Haifa, na jarida la Al-Jadid. Humo ndimo walimoandika Mahmoud Darwish, Samih al-Qasim na Tawfiq Zayyad wakiwa vijana. Walisoma mashairi yao katika mikusanyiko ya vijijini, na polisi wakawafunga na kuwazuia majumbani. Ni Kanafani, akiwa Beirut, aliyeutambulisha ulimwengu wa Kiarabu kwa washairi hao katika kitabu chake cha 1966 juu ya fasihi ya mapambano. Na tarehe 30 Machi 1976, Wapalestina hao walipogoma kupinga kunyang'anywa mashamba ya Galilaya, wakauawa sita, meya wa Nazareth alikuwa Zayyad huyo huyo, mshairi na mkomunisti. Siku ya Ardhi tunayoiadhimisha misikitini ilitoka huko.

Tumemjibu mzee wetu hivi: vitabu viwili vile virudi rafuni, ila visisomwe na mwanafunzi ambaye hajamaliza mwaka wa tatu, na visisomwe bila mwalimu. Mwezi wa Shawwal, panapo majaaliwa, tutafungua darasa la Jumatano baada ya Isha. Wiki ya kwanza tutasoma risala ya al-Qassam juu ya mazishi, na wiki ya pili kurasa za Kanafani juu ya al-Qassam. Mzee amekubali kwa sharti moja, kwamba na yeye awepo, na kwamba apewe nafasi ya kuuliza kabla ya vijana.