Maharagi ya watoto wa nani?



Madereva wa kila nchi wana lugha yao. Huko Marekani, baada ya uhaba wa mafuta wa mwaka 1973, serikali ilipunguza mwendo wa magari hadi maili 55 kwa saa. Madereva wa malori wakawa wanaonyana kwa redio ndogo za CB, na polisi wakamwita «dubu», kwa kuwa kofia yake ilifanana na ile ya dubu wa matangazo ya kuzuia moto msituni.

Madereva wetu wa njia ya Kitshanga, Sake na Goma nao wana maneno yao. Dereva akimwonya mwenzake kwa simu kwamba njia imekatika au ina hatari, anatenda tendo la upendo, nasi tunamsifu. Ila kuna maneno tunayoyakataa. Fedha inayotozwa kwenye bariere pasipo haki wala risiti huitwa «matabishi», au kwa Kilingala «madesu ya bana», yaani maharagi ya watoto. Lugha ya Wamarekani ilimficha dereva asionwe na polisi. Hii yetu inamficha mnyang'anyi tusimwone.

Maharagi ya watoto wa nani? Mama aliyelima Masisi na kupakia gunia lake katika lori ndiye anayelipa, kwa maana kila kizuizi hukatwa katika bei ya gunia lile. Mwaka 2017 watafiti wa shirika la IPIS walihesabu karibu bariere 800 katika Kivu zote mbili. Sahani inayopungua ni ya watoto wa mama huyo.

Wengine watasema: huo ni utani tu, tena dereva akitamka «rushwa» mbele ya bunduki atapigwa. Hatumwombi abishane na bunduki. Lakini nyumbani, sokoni na katika mikutano yetu, ni nani anayetulazimisha kusema «madesu»? Sisi wazee tulianza kulisema neno hilo huku tukicheka. Leo tunaona watoto wakifunga kamba njiani na kuwadai wapita njia «madesu». Wamelitoa vinywani mwetu.

Askari walipomwuliza Yohane Mbatizaji wafanye nini, aliukataza unyang'anyi waziwazi, akawataka watosheke na mshahara wao, kama tusomavyo katika Luka, sura ya 3. Hakuupa unyang'anyi jina la chakula.

Basi, vijana, tuanzie hapo. Dereva akirudi na kutusimulia safari yake, tumwulize: «Umenyang'anywa kiasi gani?» Jina la kweli peke yake haliondoi bariere. Lakini asiyezoea kuutaja wizi atawezaje kuukataa, siku atakapokabidhiwa yeye ile kamba?