Mlio si nguvu: pima heda kabla hujalipa

Wacha niseme kitu kitakachonikosanisha na nusu ya wasee wa Kitui mjini. Ule mlio wa Subaru mnaoupenda, ule wa buru-buru-buru unaofanya mtu ageuke shingo pale stage, unatoka kwa mabomba ambayo hayajalingana urefu. Hiyo tu. Na kama umelipa fundi akuwekee huo mlio kwa gari iliyokuja kama haina, umelipa pesa yako mwenyewe ili gari ipunguzwe nguvu.

Najua kwa sababu huo ujinga nimeulipia.

Mimi na kaka yangu tuna Legacy GT ya 2004, wagon. Ilitufikia ikiwa kimya kabisa. Ukiwasha inanong'ona kama gari ya headmaster. Kila tukiegesha Kalundu, mbogi inatucheka: "Hii ni Subaru kweli, ama ni Probox imebandikwa nyota?" Bana, ukiambiwa hivyo mara kumi, akili inatoka. Ndengu zilipouzwa, mama alitupa pesa tubadilishe tairi za mbele. Tukaongeza zetu, ikafika 45,000, tukapeleka yote kwa fundi wa heda. Akatoa mabomba ya Japani, akachomelea yake. Gari ikaanza kulia. Tulizunguka mji mara tatu usiku huo, madirisha chini, tukijiona wafalme.

Wiki mbili baadaye tunatoka Wote, tumeingia Mombasa Road pale Emali, tunaelekea Sultan Hamud. Mama ameketi nyuma. Mbele yetu kuna lori. Kaka anaangalia, anaona nafasi, anatoka, anakanyaga. Kelele ikaja. Nguvu haikuja. Zamani tabo ingekuwa imeshaamka, lakini hapo tulikaa sambamba na lori kama tumefungwa nalo kamba, na basi linakuja mbele limewasha taa. Kaka alikanyaga breki, tukarudi nyuma ya lori. Mama hakusema neno mpaka tukafika. Alipofungua mlango aliuliza swali moja tu: "Tairi ni zipi zile mpya?"

Sasa tuongee injini, kwa sababu hapa ndipo wengi wanadanganywa.

Injini ya Subaru imelala: silinda mbili kulia, mbili kushoto. Zinawaka kwa mpangilio wa 1-3-2-4. Namba 1 na 3 ziko upande mmoja, 2 na 4 ziko ule mwingine. Kwa hivyo upande mmoja unapiga mara mbili, halafu mwenzake mara mbili. Kwa gari kama yetu, tabo imekaa upande mmoja, kwa hivyo moshi wa upande wa mbali una safari ndefu. Mabomba yakiwa na urefu tofauti, mapigo yaliyotoka kwa injini yakiwa yamepangana sawa yanafika mbele yakiwa yamevurugika. Mengine yamebanana, mengine yameachana. Huo mvurugo ndio sikio lako linaita utamu.

Na hayo mapigo si machache. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, inapiga mara 100 kila sekunde. Pigo moja likigongana na la jirani njiani, moshi unasukumwa kurudi ulikotoka. Silinda inabaki na uchafu wa moto uliopita, hewa mpya inakosa pahali pa kukaa. Tabo nayo inasubiri.

Subaru wenyewe walijua. Walipotoa Legacy mpya Japani 2003, ile ya tabo walisawazisha urefu wa mabomba, wakaipa tabo njia mbili: silinda 1 na 2 njia yao, 3 na 4 njia yao. Mlio ukapotea. Si ati walisahau kuuweka. Walitaka tabo iamke mapema, ukiwa bado chini. Halafu mimi, mtoto wa Kitui mwenye grinda ya kuazima, nikaona mainjinia wa Japani wamekosea.

Mtaniambia Subaru za Safari Rally zililia. Sawa. Colin McRae alishinda Safari 1997 na Impreza, Richard Burns akashinda 2000 na Impreza. Heshima yao. Lakini hakuna aliyepewa kombe kwa sababu ya sauti. Walikuwa na timu nzima ya kupanga injini, suspensheni, tairi, kila kitu. Wewe umechukua kelele peke yake, ukaacha vingine vyote, na tairi zako zimeisha kama zangu.

Kuna wale wengine pia, wanaokuuzia heda za urefu sawa kama dawa ya kila ugonjwa. Polepole. Kama uko na Impreza ya 1.5 bila tabo, utakachopata ni kidogo sana, na mlima wa Mbooni hautakitambua. Halafu urefu wenyewe una maana yake: mabomba marefu husaidia injini ikizunguka polepole, mafupi husaidia ikiwa juu kabisa. Sasa niambie, ni lini mara ya mwisho ulifika 6,500 ukipanda Mbooni nyuma ya pickup ya maembe? Heda fupi za mbio zinakufaidi nini?

Na chomelea ikipasuka, jiandae. Hewa ya nje inaingia kwa ekzosi, sensa inadhani mafuta ni kidogo, kompyuta inaongeza mafuta. Unalia kwa sauti mbili, ya gari na ya petroli. Kelele yenyewe pia si halali ati kwa sababu ni tamu: kanuni za NEMA za 2009 kuhusu kelele hazijaachia Subaru nafasi yake. Na kuna mtoto analala kwa ile nyumba unapita saa saba usiku.

Sisemi usipende sauti. Mimi bado naipenda, na nikisikia moja inapita nageuka. Sema tu ukweli: "Nalipia sauti." Hiyo naielewa. Usiniambie umeongeza nguvu.

Na kama ni nguvu unatafuta, kabla hujatoa hata shilingi, beba waya laini wa kufungia. Ufuatishe kando ya kila bomba, kutoka linaposhika injini mpaka yanapokutana. Weka alama. Rudia mara nne, kisha nyoosha waya zako chini, moja kando ya nyingine. Zikilingana au zikikaribia, endelea kuuliza maswali. Moja ikipita mwenzake kwa urefu wa kiganja, sema asante, ondoka. Fundi akikasirika kwa sababu umepima, umeshapata jibu lako.

Sisi tulirudi kutafuta zile heda zetu za Japani. Fundi alikuwa amezitupa kando kama chuma chakavu mbele ya macho yetu. Tukamkuta ameshaziuza, bei nzuri, kwa mtu mwenye Legacy kama yetu.

Huyo jamaa gari yake iko kimya. Na akitoka kupita lori, anapita.