Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya ya Muheza: Wagonjwa wa kisukari wavuliwe viatu

Ndugu Mganga Mkuu,

Ombi langu ni hili. Kila mgonjwa wa kisukari anayefika kliniki katika wilaya yako avuliwe viatu na miguu yake ikaguliwe, kila anapofika. Katika vituo vingi nchini, mgonjwa hupimwa sukari na presha, akapewa dawa, akarudi nyumbani bila mtu kuitazama miguu yake. Na kwetu Kigombe, pwani ya wilaya yako, miguu ndiyo inayotulisha.

Unaijua kazi yetu. Dagaa wakishushwa pwani, kina mama huwachemsha kwa maji ya chumvi juu ya moto wa kuni, kisha huwaanika juani. Mama anasimama saa nyingi kando ya jiko, ndala zimelika kisigino, kaa la moto limedondoka mchangani. Mvuvi naye anashuka chomboni maji yakiwa magotini, na chini kuna mwamba, chaza na miiba ya taa. Mwenye mishipa mizima ya fahamu akikanyaga kaa huruka. Ambaye sukari imeiharibu mishipa hiyo haruki. Anaendelea kugeuza dagaa wake, na jioni ni mtoto anayemwambia, “Mama, unyayo wako unatoka damu.”

Kwa wagonjwa wengine uharibifu huo wa mishipa huanza kwa maumivu. Usiku miguu inawaka moto na kuchomachoma, hata shuka ikigusa inauma. Miaka inavyokwenda maumivu yanapungua, inabaki ganzi, na mgonjwa anamshukuru Mungu akidhani amepata nafuu. Hapo ndipo hatari inapoanza. Mwaka 2005 Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake walichapisha habari za wagonjwa wa kisukari wa Tanzania waliong’atwa na panya miguuni wakiwa usingizini. Mtu asiyehisi meno ya panya hawezi kuhisi mwiba.

Kuhusu uvimbe, pwani yetu ina mtihani wake. Tumeishi na matende na mabusha vizazi na vizazi, na kuanzia mwaka 2004 mkoa wa Tanga uligawiwa kingatiba yake ya ivermectini na albendazoli. Kwa hiyo mguu ukivimba, jirani husema ni matende. Wengine husema amekanyaga kitu, apelekwe kwa mganga wa kienyeji. Tiba ya kwanza nyumbani ni kuukanda kwa maji moto na chumvi. Lakini mguu wenye ganzi haujui kuwa maji yamezidi moto. Ngozi inababuka na mwenyewe hana habari, na hicho ndicho kinachokuja kuitwa kidonda ndugu.

Wewe ni daktari, haya unayajua kuliko mimi. Nayaandika ili wasomaji wenzangu nao wayajue. Mgonjwa wa kisukari akivimba miguu yote miwili, huenda figo au moyo umeanza kuchoka, au ni athari ya dawa ya presha kama amlodipini au nifedipini. Apimwe mkojo na aangaliwe dawa zake, wala asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe. Mguu mmoja ukivimba na kuwa na joto kuliko mwenzake, hiyo ni dharura, hata kama hauumi na hauna kidonda. Huenda kuna usaha ndani, au mifupa inavunjika na kuhama, hali ambayo madaktari huiita mguu wa Charcot. Mguu huo haufai kukanyagiwa hata kidogo. Ukipumzishwa mapema na kufungwa plasta ngumu (P.O.P.) unaweza kupona na umbo lake. Ukiachwa, unyayo unapinda, kidonda kinafuata, na mwisho wake mara nyingi ni msumeno.

Naomba mambo matatu. Kwanza, kipimo cha kugusa vidole kifanyike katika kila zahanati, kwani hakihitaji kifaa chochote. Mgonjwa anafumba macho, mhudumu anagusa kwa wepesi ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Akishindwa kuhisi viwili au zaidi kati ya hivyo 6, miguu yake imo hatarini na jina lake liwekewe alama. Pili, mguu mmoja wenye uvimbe na joto upewe rufaa siku hiyohiyo, na mgonjwa asiambiwe arudi wiki ijayo. Sisi wa Kigombe tuko ukingoni mwa bahari, Muheza mjini ni bara, na Hospitali ya Bombo iko Tanga. Siku moja ya kusubiri kwetu huzaa siku nyingi. Tatu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanapokuta mguu umevimba, wamshauri mwenyewe apimwe sukari kabla mtu hajatamka matende.

Haya si mageni nchini. Mradi wa Hatua kwa Hatua, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2004, ulifundisha daktari na muuguzi wake kwa pamoja jinsi ya kutunza miguu ya wagonjwa hawa, na ulionyesha kuwa ukataji wa miguu unaweza kupunguzwa. Wala wagonjwa si wachache: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari.

Ndugu Mganga Mkuu, agizo hili litoke kwa maandishi, lisomwe katika kila kituo cha wilaya. Nawe msomaji mwenye kisukari, usilisubiri. Kila jioni kagua nyayo zako, na kama macho hayaoni vizuri mwombe mtoto akukagulie. Siku ya kliniki vua viatu mwenyewe kabla hujaambiwa, useme: “Naomba mniangalie miguu.”

Wako katika kuijenga afya ya watu wetu,
Mwananchi wa Kigombe