Picha za Angani Pekee Hazitoshi

Hapa Uganda mtu akitaja majani yaotayo majini, mawazo yetu hukimbilia yale magugu maji yaliyoziba gati za Ziwa Viktoria katika miaka ya 1990. Yale tuliyapiga vita, tukafurahi yalipopungua. Mimi nataka kusema juu ya majani ambayo kupungua kwake ni hasara, yaani nyasi za bahari katika pwani ya jirani zetu wa Kenya.

Nyasi hizi si mwani. Zina mizizi, maua na mbegu, nazo huota penye maji machache ambako mwanga wa jua hufika chini. Humo tafi hula, kasa na nguva hulisha, na samaki wachanga hujificha. Mtega madema wa Gazi au Vanga hahitaji kufundishwa faida yake.

Tangu mwaka 1972 Wamarekani wanarusha setilaiti ziitwazo Landsat, zipigazo picha nchi kavu na pwani za dunia, na mwaka 2008 picha hizo zilitolewa bure kwa kila mtu. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier walitangaza hesabu yao baada ya kulinganisha picha za pwani ya Kenya za miaka 1986, 2000 na 2016. Waliona kwamba mwaka 2016 zilibaki nyasi za kilomita za mraba kama 317, na kwamba baada ya mwaka 2000 upotevu uliongeza kasi. Kazi hiyo naisifu. Nani angeweza kuikagua pwani yote ile kwa miguu, tena akarudi nyuma miaka 30?

Lakini sikubaliani na wasemao kwamba sasa setilaiti inatosha. Doa moja la picha ya Landsat ni mita 30 kwa 30, basi kiraka kidogo kilichong'olewa hakionekani. Tena maji yakiwa na tope, kama kule Malindi Mto Sabaki unapofurika, picha haifiki chini. Hayo ni madogo. Neno kubwa ni kwamba picha husema nyasi zimetoweka, wala haisemi zimeondolewa na nini. Huenda ni juya, ambalo Kenya ililipiga marufuku mwaka 2001 kwa kuwa hukokotwa chini. Huenda ni wale wanyama wa miiba, walio mviringo kama mpira mdogo, ambao huzidi na kuzitafuna nyasi pale kikande na samaki wengine wawalao wanapovuliwa mno. Huenda ni tope. Katika picha yote huonekana mchanga mtupu tu. Afisa aliye mjini, picha i mezani, atamshika nani? Bila shaka mwenye juya, na mara nyingi huyo ni maskini asiye na chombo cha kumvusha mwamba.

Mzee aliyevua hapo miaka 40 anajua kilichotangulia. Si haki aitwe mkutanoni siku ya kusomewa sheria tu. Picha ya 1986 na ya 2016 zichapwe kubwa, zitundikwe katika banda la kupimia samaki, na miamba iandikwe kwa majina ambayo wavuvi wenyewe huiita. Kisha waulizwe waonyeshe kwa kidole ni wapi nyasi zilianza kutoweka, mwaka gani, na walikuwa wakivua kwa nini wakati huo. Majibu yao yaandikwe juu ya picha zile zile kabla sheria nyingine haijatungwa.