Stesheni wagoni kuukuu bado ina kazi shambani

Kila msimu wa viazi ukifika huku Kinangop, mimi hupata wageni wawili. Wa kwanza ni dalali wa viazi. Wa pili ni dalali wa magari, ambaye hulizunguka gari langu polepole akigonga bodi kwa vidole, kisha huuliza: "Mzee, hili utaniachia kwa ngapi?"

Gari lenyewe ni Peugeot 504 ya stesheni wagoni ya mwaka 1988. Nililinunua 1997 kutoka kwa mwalimu aliyekuwa akistaafu, na pamoja na logbuku alinikabidhi daftari ambamo alikuwa ameandika kila siku aliyobadilisha oili na kila kipuri alichonunua. Daftari hilo lilijaa kitambo. Sasa niko katika la tatu.

Nakiri kwamba mwaka 2022 nusura niliuze. Kijana wangu alinijia na kuniambia, "Baba, gari hili ni la makumbusho. Chukua mkopo wa sacco tununue Probox." Probox tuliyoonyeshwa ilikuwa karibu Sh1 milioni. Nilikuwa na akiba ya Sh200,000, kwa hivyo ningekopa Sh800,000 kwa riba ya asilimia 1 kila mwezi na kulipa kwa miezi 36. Tulipiga hesabu tukapata zaidi ya Sh26,000 kila mwezi. Riba peke yake ingezidi Sh150,000, na dhamana ingekuwa hisa zetu pamoja na ng'ombe watatu wa maziwa.

Mama watoto, ambaye ndiye msimamizi wa kuku na mauzo ya mayai, alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali moja tu: "Hilo jipya litabeba trei ngapi zaidi ya hili?"

Hakuna aliyekuwa na jibu la kumfurahisha, kwa sababu 504 ya aina hii ina urefu wa mita 4.8 na nyuma yake ni pana kama chumba. Probox ni fupi kuliko hiyo kwa zaidi ya nusu mita.

Ninaandika haya kwa sababu ninaona wakulima na wachuuzi wengi wakifanya yale niliyotaka kufanya. Mtu ana stesheni wagoni nzuri, iwe Peugeot, Corolla au Caldina, iliyotunzwa vyema kwa miaka mingi. Inaanza kuchemka na kupiga kelele kidogo, naye anaitupa kwa bei ya skrepa na kujitwika deni. Maoni yangu ni kwamba gari la namna hiyo likiwa bodi yake ni nzima, fedha za kwanza zitumike kulirudishia nguvu. Mkopo usubiri.

Wanaosema kwamba magari ya mitumba kutoka Japani ni ya bei nafuu wanazungumza juu ya enzi iliyopita. Sheria zetu haziruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na juu ya bei ya kununulia kuna ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 16. Yote hayo hulipwa na mnunuzi wa mwisho, ambaye ni wewe muuza kabeji.

Zaidi ya hayo, kuna magari ambayo mafundi wetu wanayajua kama viganja vyao. Peugeot 504 ilianza kuundwa Ufaransa 1968, na hapa Kenya iliendelea kuunganishwa hadi 2004, miaka mingi baada ya Wafaransa wenyewe kuachana na saluni yake mnamo 1983. Ilishinda mbio za Safari Rally 1975, na aina yake ya kupe ikashinda tena 1978. Wenye umri wangu wanakumbuka zile za kubeba abiria zilizotoka Nyamakima zikiwa zimejaa watu safu tatu. Ndiyo maana hadi leo ukienda Kirinyaga Road jijini Nairobi ukiwa na kipuri kikuukuu mkononi, utapata mzee dukani ambaye atakitambua kabla hujafungua mdomo.

Lakini kutengeneza kuna utaratibu wake, na hapa ndipo wengi wetu hukosea. Tunaanza na rangi. Rangi huonekana na majirani, ilhali rejeta haionekani na mtu.

Mimi nilianza na maji. Injini ya petroli ya 504 ina silinda hedi ya aluminiamu, na ikichemka mara moja vibaya, hedi hupinda na gasketi huungua. Niliipeleka rejeta ikafunguliwa na kusafishwa, nikabadilisha mipira yote ya maji, themostati na mkanda. Feni ya gari hili hushikwa na sumaku ya umeme maji yanapopata moto, na kile kidude cha kupitisha umeme kikiisha, feni huzunguka kivivu bila nguvu. Mafundi wengi huifunga kwa bolti izunguke wakati wote. Ni dawa ya njiani, si ya kudumu. Nilitafuta kidude kipya na tatizo likaisha.

Heri ya injini hii ni kwamba laini za silinda hutolewa na kuwekwa nyingine pamoja na pistoni zake, bila kuchonga bloku. Kwa hivyo hata siku ikianza kula oili, haina maana kwamba imekufa.

Baada ya maji nilienda kwa breki. Anayeteremka kutoka Flyover kuelekea Naivasha akiwa na mzigo anajua ninachosema. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na yakikaa miaka mingi huchemka kwenye mteremko mrefu, pedali ikazama hadi sakafuni. Yabadilishwe kila baada ya miaka 2, hata kama chupa imejaa. Mipira ya breki nayo hufura ndani ikaonekana mizima nje.

Tairi pia husemwa vibaya. Watu hutazama meno tu. Tazama nambari nne zilizoandikwa ubavuni: zikiwa 3519, tairi hiyo iliundwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi ya miaka 10 iliyokaa stoo ikiwa na meno yote ni hatari kuliko ya miaka 3 iliyochakaa kiasi.

Sasa nifike kwenye kosa langu mwenyewe, ambalo liligharimu mayai mengi.

Stesheni wagoni hii ina springi 4 za koili upande wa nyuma, mbili kila gurudumu. Zangu zilikuwa zimelala baada ya miaka 30 ya viazi. Badala ya kutafuta za kipimo chake, nilisikiliza ushauri wa jamaa mmoja wa gereji kwamba niweke nzito zaidi "ili gari lisimame." Kweli lilisimama. Nyuma iliinuka kama jogoo, na vijana wa stejini wakalisifu.

Wiki iliyofuata tulipakia trei 40 za mayai kwenda Naivasha. Trei 40 ni mayai 1,200, na uzito wake haufiki kilo 80. Kwa springi za kubebea magunia 10, huo si mzigo, ni abiria mmoja mwembamba. Kila shimo la barabarani lilirushwa moja kwa moja hadi kwenye mayai. Tulipofungua mlango wa nyuma, ute ulikuwa unatiririka hadi kwenye bampa. Mama watoto hakusema neno, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Hasara hiyo haikuwa ya mwisho. Nyuma ikiinuka, mwanga wa taa za mbele hushuka na usiku huoni mbali. Isitoshe, kwenye stesheni wagoni nyingi za zamani kuna kifaa karibu na ekseli ya nyuma kinachopima jinsi gari lilivyoshuka kwa mzigo, kisha kuongeza au kupunguza nguvu ya breki za nyuma. Ukiinua gari kwa springi ngumu, kifaa hicho hudhani ni tupu hata likiwa limejaa, na breki za mbele zinabaki kufanya kazi peke yake. Fundi mwingine, mzee wa miaka mingi, ndiye aliyenieleza hayo akiwa amelala chini ya gari. "Mzee, walioliunda hawakuwa wajinga," alisema. Tuliweka springi mpya za kipimo cha awali pamoja na shokabzoba nne na bushi zake zote, na mayai yakatulia.

Hata hivyo, sikubaliani na wale wanaosema gari kuukuu lisiguswe kabisa, libaki lilivyotoka kiwandani. Hilo ni la matajiri wanaoegesha magari ndani ya nyumba wakiyafunika kwa shuka. Gari la kazi linaweza kuongezewa vitu, mradi viwe vya kusaidia kazi na vikae kana kwamba vilikuwepo tangu mwanzo.

Mimi nimeongeza vitu vichache. Mikanda ya usalama kwenye kiti cha nyuma ilikuwa ya kwanza, maana wajukuu hupanda. Tangu kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa kwenye matatu 2004, sioni kwa nini abiria wa matatu afungwe mkanda na mjukuu wangu aachwe. Fundi ahakikishe inafungwa kwenye chuma kigumu cha bodi, si kwenye bati la sakafu.

Kisha nikaweka rilei kwenye taa za mbele. Katika magari ya zamani umeme wote wa taa hupitia kwenye swichi ya dashibodi kwa nyaya nyembamba, na sehemu ya nguvu yake hupotelea njiani. Rilei huuchukua moja kwa moja kutoka kwa betri. Ni kazi ya saa mbili na gharama yake ni ndogo kuliko gunia moja la viazi, lakini usiku utadhani umenunua gari jingine.

Nyuma tumetandika ubao wa plaiwudi uliokatwa kwa umbo la sakafu, juu yake mpira, na pete nne za kufungia kamba. Kati ya mzigo na viti kuna wavu wa chuma. Kreti ya maziwa ikiruka gari linapofunga breki ghafla, haichagui kichwa. Ubao, mpira na wavu vyote hutoka kwa dakika 10, na Jumapili gari linarudi kuwa la familia.

Keria ya juu niliitoa. Mzigo juu ya paa hulifanya gari liyumbe kwenye kona na hunywa petroli bure. Najua wauza kuku watanikasirikia.

Rangi ilikuja mwisho kabisa, na ni ile ile nyeupe iliyokuwa nayo. Ukibadilisha rangi au injini ni lazima mamlaka ya NTSA ijulishwe na logbuku irekebishwe; wengi hugundua hilo wanapotaka kuuza. Kuna jamaa hapa kwetu aliyekuwa na Corolla nzuri ajabu ya babake. Aliishusha hadi karibu iguse lami, akaweka tairi pana zinazokwaruza bodi, spika mbili kubwa mahali pa mizigo, na maandishi kioo kizima cha nyuma. Sasa haipandi kwa njia ya shamba lake mwenyewe, hivyo hukodi pikapu kubeba kabeji. Alipotaka kuiuza, kila mnunuzi alimtajia bei ya kuondoa vitu alivyoviongeza.

Jambo moja linawahusu wakulima zaidi ya watu wa mjini. Mbolea, ya dukani na hata samadi, hula chuma. Punje za CAN zikimwagika na kupata unyevu chini ya zulia, zitakuwa zinakula sakafu usiku na mchana. Osheni ndani na chini ya gari siku hiyo hiyo, na muone kama vitundu vya kutolea maji chini ya milango havijaziba kwa udongo.

Nami nawaambia ukweli kwamba si kila gari la zamani linafaa kuokolewa. Chukua bisibisi na uchome kingo za chini ya milango na mahali springi zinaposhikia. Ikizama, au ukisikia fila badala ya chuma, uza na ukubali hasara. Injini hubadilishwa, bodi iliyooza haina dawa ya bei nafuu. Pia gari hili hunywa petroli kuliko hizo za kisasa, na halina zile puto za kuokoa watu ajali ikitokea. Anayesafiri kilomita 200 kila siku huenda hesabu yake ikawa tofauti na yangu. Mimi huenda sokoni mara tatu kwa wiki.

Kwa jumla nilitumia Sh186,000 kwa muda wa miezi 14. Akiba ile ilitosha, hisa zimebaki kwenye sacco, na mmoja wa wale ng'ombe watatu alizaa mtamba Machi mwaka uliofuata. Kijana wangu bado anataka Probox, ila siku hizi huliazima gari la makumbusho kila akiwa na harusi ya rafiki.

Mwezi ujao nabadilisha raba ya mlango wa nyuma, kwa sababu vumbi limeanza kuingia kwenye trei. Dalali akija, atanikuta hapo hapo nyuma ya gari nikiwa na bisibisi mkononi.